Kuacha sigara kwa kuanzia Ramadhani: mwongozo kwa wavutaji wa Unguja na Pemba

Mvutaji wa visiwa hivi anajua kukaa bila sigara. Hilo ndilo jambo la mwanzo ninalotaka ulikubali kabla hujasoma mbele. Ukifunga Ramadhani, tangu alfajiri hadi Magharibi unapita saa kumi na tatu na ushei bila ya kugusa sigara, na unafanya hivyo siku ishirini na tisa au thelathini mfululizo, juani, kazini, tumbo likiwa tupu. Hakuna aliyekuandikia dawa. Kisha adhana inalia, unafungua kwa tende, na kabla uji haujapoa kiberiti kishawaka.

Mimi nilivuta miaka kumi na tisa, hapa Wete. Usiku ulionigeuza ulikuwa wa nne wa Ramadhani. Nilikula tende moja, nikanywa maji mafunda matatu, nikanyanyuka mkekani. Mke wangu bado alikuwa na upawa mkononi, anamimina uji. Akaniambia kwa upole, "Baba Asha, leo hata tambi hujazionja." Nikatoka uwani, nikavuta mbili kwa mpigo, kichwa kikazunguka mpaka nikashika ukuta. Ndani mtoto wetu mdogo anakohoa, kikohozi alichokuwa nacho tangu Shaabani. Nikiwa nimeushika ule ukuta nikajiuliza: saa kumi na tatu nimeziweza, hii ya kumi na nne inanishinda kwa nini?

Mwaka huu ni wa saba tangu niache. Nitakayoyaeleza ni hatua nilizopita mwenyewe, pamoja na niliyojifunza baadaye kwa kuuliza madaktari na kusoma. Anayevuta nje ya Ramadhani, au asiyefunga, naye azifuate. Nitamwonyesha pa kubadilisha.

Hatua ya kwanza: siku tatu za kuandika

Usipunguze kitu. Endelea kuvuta kama kawaida yako, ila ndani ya paketi tia kipande cha karatasi, na kila ukitoa sigara andika saa, pahala ulipo, na uko na nani. Simu pia inafaa, lakini karatasi ndani ya paketi huwezi kuisahau.

Karatasi yangu ilinishangaza. Nilikuwa navuta kumi na nne kwa siku. Ya kwanza ilikuwa kitandani, kabla ya mswaki. Baada ya kila mlo moja. Barazani tatu, na hizo zote zilikuwa za kupewa na kupeana. Moja ya kusubiri gari. Moja kila nikimaliza kuzungumza na mtu aliyeniudhi kwenye simu. Nilipohesabu vizuri niliona kwamba tano tu ndizo nilizozitaka kwa kweli. Tisa zilizobaki zilikuwa za pahala na za watu. Ningekuwa kwengine saa ile, nisingezikumbuka.

Angalia hasa ile sigara ya mwanzo. Kama unaiwasha ndani ya nusu saa tangu kuamka, mwili wako umeshikwa sana na nikotini, kile kitu cha ndani ya tumbaku kinachomfunga mvutaji, na hatua ya dawa huko mbele inakuhusu. Nikotini ikivutwa hufika kwenye ubongo kwa sekunde zisizozidi ishirini hivi, na baada ya saa mbili nusu yake imeshatoka kwenye damu. Ndiyo maana mvutaji wa kila siku hujisikia ana haja ya nyengine kila baada ya muda mfupi. Anadhani sigara inamtuliza, kumbe inamtuliza na kero iliyoletwa na sigara iliyopita.

Hatua ya pili: kuchagua siku

Ramadhani ndiyo siku bora kwa anayefunga, na sababu si ya dini peke yake. Watafiti waliwahi kuwafuatilia wahudumu wa ndege wanaovuta sigara, katika safari fupi na safari ndefu. Waliona kuwa hamu haikupanda kwa kuhesabu saa walizokaa bila kuvuta. Ilipanda ndege ilipokaribia kutua. Wa safari ndefu alikuwa ametulia katika saa ambayo mwenzake wa safari fupi tayari roho ilikuwa juu. Mfungaji anaujua ukweli huu bila kuusoma popote: saa sita mchana haikumbuki sigara, saa kumi na mbili jioni vidole vinamcheza. Ubongo unajua pa kutua ni wapi.

Basi kazi yako yote ya Ramadhani iko katika saa tatu, kuanzia Magharibi mpaka baada ya tarawehe. Mchana umeshauweza. Zipange saa hizo hivi. Fungua kwa tende na maji, kisha nenda kasali Magharibi kwa jamaa msikitini, mfukoni usiwe na kitu. Rudi ule futari kwa kutulia, umekaa na watu wako. Ukimaliza tu, kabla hujakaa kitako kupumzika, piga mswaki. Kinywa kisafi ni kizuizi kikubwa kuliko unavyodhani, maana ladha ya sigara juu ya dawa ya mswaki ni mbaya. Kisha Isha na tarawehe. Ukitoka tarawehe usipite barazani kwa siku kumi za mwanzo. Pita njia nyengine, rudi nyumbani, kaa na watoto au lala mapema uamke daku.

Wengi huanza vizuri wakaja kuanguka sikukuu. Siku nne za sikukuu mtu ana pesa mfukoni, ana nguo mpya, anakutana na marafiki wa skuli ambao hawajaonana mwaka mzima, na kila mmoja ananyoosha paketi. Siku hizo nenda na familia. Nilijifungia kwa watoto: viwanja vya sikukuu, jamaa za mama, jamaa za baba. Mtu aliyeshika mikono ya watoto wawili hana mkono wa tatu wa kushika sigara.

Ikiwa Ramadhani iko mbali, usiingoje. Chagua siku ndani ya wiki mbili zijazo, iliyo tupu: isiwe ya harusi, isiwe ya msiba, isiwe ya kwenda dago ambako mtakaa kambini siku kadhaa na wenzako wote wanavuta, isiwe katikati ya msimu wa karafuu ambapo pesa zinaingia na watu hawalali. Siku ya kawaida kabisa ndiyo nzuri.

Na siku hiyo ikifika acha zote kwa pamoja. Najua wengi wanapenda kupunguza: kutoka kumi hadi tano, kutoka tano hadi mbili. Utafiti uliolinganisha njia mbili hizi uliona waliokata siku moja walifanikiwa zaidi kuliko waliopunguza kidogo kidogo. Kuna jambo jengine, na hili nataka ulisikie wewe unayesema "mimi navuta moja tu kwa siku": kwa upande wa moyo na kiharusi, anayevuta moja kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada anayobeba mwenye kuvuta ishirini. Moyo hauhesabu kama sisi tunavyohesabu.

Hatua ya tatu: usiku wa kuamkia

Toa nyumbani kila kitu cha sigara. Vibiriti vya gesi, visahani vya majivu, paketi uliyoificha juu ya kabati kwa ajili ya dharura. Hiyo ya kabatini ndiyo mbaya kuliko zote. Fua mapazia, fua kanzu na koti la mvua. Nilipoyatia mapazia ya chumbani kwenye beseni, maji yaligeuka rangi ya chai ya rangi, mke wangu akayamwaga, akajaza tena, yakatoka vilevile. Alikuwa hajasema neno. Nilitazama yale maji nikafikiri kwamba mtoto wangu analala chini ya mapazia haya, mdomo wazi.

Kisha waambie watu watatu. Wa kwanza ni mwenzako wa nyumbani, na umwambie pia kwamba wiki moja utakuwa na hasira na si kosa lake. Wa pili ni rafiki mmoja wa barazani, yule mwenye kusikilizwa. Wa tatu wengi humsahau: mwenye duka. Mara nyingi sigara zetu tunazinunua moja moja, na hilo ndilo linalotumaliza, kwa sababu moja haionekani kuwa ni kitu. Mwambie, "Kaka, kuanzia kesho usiniuzie sigara, na usinikopeshe hata nikikuomba." Wangu alicheka, lakini siku ya tatu nilipokwenda alinitolea pipi ya tangawizi, hakusema kitu.

Hatua ya nne: siku tatu za mwanzo

Faida inaanza mapema kuliko taabu. Dakika ishirini baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo na presha vimeanza kushuka. Ndani ya siku moja gesi ya kaboni monoksaidi inaondoka katika damu. Gesi hii ndiyo ile ya moshi wa gari na ya jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Inaikamata damu kwa nguvu inayopita mara mia mbili nguvu ya oksijeni, kwa hivyo damu ya mvutaji inazunguka ikiwa imejaa abiria asiyetakiwa. Wazamiaji wa pweza na wa kamba wanaelewa haya upesi kuliko mtu yeyote. Ukiacha leo, kesho damu yako inabeba hewa zaidi chini ya maji, hata kama mapafu yenyewe hayajaanza kupona.

Siku ya pili au ya tatu pua na ulimi vinarudi. Hapa Pemba wakati wa msimu karafuu zinaanikwa kwenye majamvi kila pahala, mbele ya nyumba, kando ya barabara, na mimi miaka yote nilidhani nazisikia. Asubuhi moja katika msimu wa mwanzo baada ya kuacha nilifungua mlango, na harufu ikaniingia mpaka machoni. Nilisimama kizingitini kama mgeni aliyeshuka bandarini Mkoani jana.

Sasa taabu. Arosto ya sigara inafika kileleni ndani ya siku tatu hizo, kisha inashuka, na kwa wengi huisha ndani ya wiki mbili hadi nne. Utakuwa na hasira za haraka. Usingizi utakatika. Kichwa kitauma, choo kitakuwa kigumu, njaa itakuandama. Unaweza kukohoa zaidi ya ulivyokuwa ukikohoa, na hapo wengi huogopa, wakasema sigara ilikuwa inawasaidia. Vinyweleo vidogo vya ndani ya njia ya hewa, vilivyolazwa na moshi, vinaamka na kuanza kusukuma uchafu kuupeleka juu. Kikohozi hicho ni cha kufagia. Lakini ukitoa damu, au kikikaa zaidi ya wiki mbili, nenda ukapimwe kifua. Uvutaji huongeza hatari ya kifua kikuu karibu mara mbili, na ugonjwa huo unatibika ukiwahiwa.

Hamu yenyewe huja kama wimbi. Hupanda, hukaa dakika tatu, tano, mara chache kumi, kisha hushuka, uvute usivute. Kwa hivyo hutakiwi kuishinda sigara maisha yako yote. Unatakiwa kushinda dakika tano, halafu dakika tano nyengine baada ya saa. Tafuta kitu cha kuzipitisha. Nje ya saa za kufunga, tia karafuu moja kavu mdomoni uitafune taratibu. Inachoma ulimi na kuutia ganzi kidogo, na mdomo unasahau. Muwa ni mzuri zaidi, kwa sababu unatumia mikono, meno na muda. Embe mbichi kwa chumvi na pilipili. Maji ya kunywa, glasi nzima. Ukiwa umefunga, tia udhu. Inuka utembee mpaka kona na kurudi. Mimi nilikuwa nachota maji kisimani hata kama pipa limejaa.

Hatua ya tano: baraza na kahawa

Hapa ndipo nilipoanguka mara ya kwanza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Muuza kahawa anapita na dele lake, vikombe vinagongana mkononi, ka-ka-ka, na kabla hajakufikia mkono wako ushaingia mfukoni. Kahawa chungu, kipande cha kashata au halua, na moshi: vitatu hivi tumevifunga pamoja tangu tukiwa vijana tunasimama nyuma ya wazee wetu, tukiwatazama wanavyocheza bao. Ukiondoa kimoja viwili vinabaki vinakuuliza, mwenzetu yuko wapi?

Kuna siri katika kahawa ambayo ningependa kila anayeacha aambiwe. Moshi wa sigara hulifanya ini liiondoe kafeini mwilini kwa haraka. Ukiacha kuvuta, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na kahawa ileile uliyozoea kunywa sasa inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, usiku huoni usingizi, na wewe unasema ni arosto ya sigara imezidi, ngoja nivute moja. Nusu yake ni kahawa. Ukiwa mnywaji wa vikombe sita, kunywa vitatu kuanzia siku ya kuacha, na cha mwisho kisiwe cha usiku.

Kuhusu baraza lenyewe, ushauri wangu ni wiki mbili usikae. Usilihame, maana baraza ni watu wako, wanaokuzika na wanaokuoza. Pita, toa salamu, simama kidogo, endelea na safari yako. Baada ya wiki mbili rudi, lakini badilisha pa kukaa: jiweke karibu na asiyevuta, upande unakotoka upepo. Chukua chai ya tangawizi badala ya kahawa kwa siku za mwanzo. Ukipewa sigara, jibu ni neno moja: "Nimeacha." Usiseme "najaribu kuacha", kwa sababu anayejaribu hubembelezwa. Barazani kwetu mzee mmoja alininyooshea paketi, nikamwambia, "Ami, nimeacha." Akaitazama paketi yake, akairudisha mfukoni, akasema, "Mwenyezi Mungu akuthibitishe. Mimi nimechelewa." Nilimwambia hajachelewa, na nitaeleza hapa chini kwa nini.

Hatua ya sita: dawa, kwa anayezihitaji

Kutumia dawa si udhaifu wa imani wala wa moyo. Shirika la Afya Duniani limeziweka dawa za kuacha sigara katika orodha yake ya dawa muhimu: ubani wa kutafuna na plasta za nikotini tangu mwaka 2009, na vidonge vya bupropion na varenicline tangu mwaka 2021. Uliza maduka makubwa ya dawa mjini, na uliza daktari katika hospitali iliyo karibu nawe, iwe Mnazi Mmoja, Chake Chake au Abdalla Mzee. Vidonge vinahitaji daktari akuone kwanza. Usipopata dawa, usiifanye kuwa sababu ya kuahirisha.

Plasta hubandikwa kwenye ngozi safi isiyo na nywele, mpya kila siku na pahala tofauti. Kwa kawaida anayevuta zaidi ya sigara kumi kwa siku huanza na ya miligramu 21 kwa wiki sita, kisha 14 kwa wiki mbili, kisha 7 kwa wiki mbili. Anayevuta kumi au pungufu huanza na 14. Ubani wa nikotini una namna yake, na wengi hukosea: hautafunwi mfululizo. Utafune mpaka usikie ukali kama wa pilipili, uegeshe baina ya shavu na ufizi, ukali ukiisha tafuna tena, hivyo hivyo kwa nusu saa. Robo saa kabla ya kuutumia usinywe kahawa wala juisi, kwa sababu uchachu wake unazuia nikotini isiingie. Ubani unafunguza saumu, kwa hiyo ni wa usiku. Plasta iko juu ya ngozi. Muulize sheikh wako hukumu yake kabla ya Ramadhani kuingia. Mama mjamzito asianze dawa yoyote bila ya daktari.

Ikiwa unatumia sindano ya insulini, dawa ya kuzuia damu kuganda, dawa ya pumu ya aminofilini au dawa za maradhi ya akili, mjulishe daktari kuwa unaacha sigara. Mwili usio na moshi unazitumia baadhi ya dawa hizi kwa namna tofauti, na kipimo chako kinaweza kuhitaji kubadilishwa.

Visivyo badala ya sigara

Tambuu yenye tumbaku ni tumbaku. Popoo peke yake, hata bila tumbaku, inajulikana kusababisha saratani ya mdomo. Ugoro vilevile ni tumbaku. Shisha, inayopendwa na vijana wa mjini, ina udanganyifu wa maji: maji huupoza moshi, hayausafishi, na kikao cha saa moja kinaingiza moshi unaozidi mara mia ule wa sigara moja. Sigara inayoitwa nyepesi humfanya mtu avute kwa nguvu zaidi ili apate kilekile. Za umeme nyingi zina nikotini ileile iliyokufunga.

Hatua ya saba: kuuangalia mwili unavyorudi

Kati ya wiki mbili na miezi mitatu damu inazunguka vizuri zaidi na mapafu yanapata nguvu. Mpanda mikarafuu ataijua siku yake: siku anaposhuka na pakacha limejaa bila kusimama katikati kutafuta pumzi. Kikohozi na kuhema vinapungua mwezi baada ya mwezi hadi karibu mwaka. Mwaka ukitimia, hatari ya ziada ya maradhi ya moyo imeshuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Mwaka wa kumi, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu imefika karibu nusu. Mwaka wa kumi na tano moyo wako unakaribia kuwa kama wa asiyewahi kuvuta.

Na sasa yule mzee wa barazani. Huko Uingereza, kuanzia mwaka 1951, Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wanaume zaidi ya 34,000 kwa miaka hamsini. Waliovuta maisha yao yote walikufa, kwa wastani, miaka kumi mapema kuliko wasiovuta. Walioacha wakiwa na miaka 30 waliirudisha karibu yote kumi. Walioacha wakiwa na 40 walirudisha tisa, wenye 50 sita, na wenye 60 bado walirudisha mitatu. Miaka mitatu kwa mzee ni kumwona mjukuu anaingia skuli na kuhitimisha juzuu zake za mwanzo.

Kwa upande wa nyumba, faida haisubiri miaka. Mtoto anayekaa kwenye moshi wa sigara hupata zaidi pumu, homa ya mapafu na maradhi ya masikio; mama mjamzito anayeuvuta moshi wa mumewe anajiweka katika hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kati yao zaidi ya milioni moja hawakuwa wavutaji. Walikaa tu karibu na mvutaji. Kukaa uwani au dirishani hakutoshi, moshi unaingia na unakaa kwenye nguo. Kikohozi cha mwanangu kilipungua. Siwezi kusema ni sigara peke yake iliyokuwa ikimkohoza, lakini nilijua nimeondoa kile nilichokuwa nikimletea mimi.

Utaongezeka uzito, kwa wastani kilo nne au tano katika mwaka wa mwanzo. Usiufanye uzito sababu ya kurudi. Tembea, punguza kashata na mandazi ya usiku, kula matunda yetu kwa misimu yake.

Kibubu

Nunua kibubu cha mbao, kile kisichofunguka mpaka kivunjwe. Kila asubuhi tia humo pesa ambayo ungenunulia sigara siku hiyo, palepale, kabla haijapata kazi nyengine. Tuseme ni shilingi 2,000 kwa siku. Kwa mwezi ni 60,000, kwa mwaka ni 730,000. Piga kwa bei ya duka lako na idadi yako. Kibubu changu tulikivunja siku ya kumbukumbu ya mwaka, watoto wamekizunguka, na kutoka humo tulinunua cherehani ya mama yao, ya miguu, ambayo mpaka leo inashona sare za skuli za nusu ya mtaa.

Ukiteleza

Wengi huanguka kabla ya kusimama. Mimi nilianguka mara mbili, ya kwanza siku ya kumi na moja, ya pili baada ya miezi mitano, harusini. Ukivuta moja, usimalizie paketi kwa hoja kwamba leo ishaharibika. Izime hiyo ulionayo mkononi hata kama iko nusu. Zilizobaki zivunje, zitie maji, uzitupe mwenyewe, usimpe mtu. Kisha toa ile karatasi ya siku tatu za mwanzo, uandike chini yake: saa ngapi, wapi, na nani. Hiyo ndiyo saa uliyosahau kuipangia. Yangu ya harusini ilikuwa saa tano usiku, nyuma ya hema, na watu watatu niliosoma nao. Harusi iliyofuata nilikaa mbele, karibu na wazee, na saa nne na nusu niliaga.